Difu Moja kwa Magari Mawili

Ijumaa ile nilimwekea Detlef Ohlendorf sahani ya samaki kwenye ukumbi wa parokia, tunakokula samaki kila Ijumaa, nikaifunika kwa foili na kuilinda kama askari. Binti yangu aliiomba nikamkatalia. Detlef hakuja. Mpaka viti vinakunjwa sahani ilikuwa palepale, mafuta yameganda.

Jumatatu nilimfuata mezani kwake. Tulikaa ofisi moja tangu kampuni yetu ya hapa Detroit ilipoungana na ya kwao Ujerumani. Kazi yetu sote ilikuwa kutafuta vipuri ambavyo magari yao na yetu yangeweza kutumia kwa pamoja.

"Bwana Ohlendorf, wewe ni mwongo au msahaulifu? Nataka kujua tu."

Alisimama, kama alivyosimama kila nilipomsemesha. "Bibi Krolczyk, nimekosa nini?"

"Samaki. Ulisema hatimaye utakuja."

"Nilisema labda nitakuja."

"Ulisema hatimaye. Masikio yangu ni mazima yote mawili."

Akalitamka lile neno taratibu, kwa lugha yake. "Eventuell. Kwetu maana yake labda. Huenda."

Kwetu Wamarekani neno linalosikika hivyohivyo, eventually, maana yake ni hatimaye: jambo litakuwa, hata likichelewa. Mwaka mzima yule bwana alikuwa akizungumza Kiingereza nasi, akimaanisha labda, sisi tukisikia hatimaye, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu sentensi zake zilisimama vizuri tu.

Nilianza kucheka. Kisha nikamkumbuka Tad, kicheko kikakatika.

Tad ni kaka yangu. Alikuwa fundi kwenye kiwanda chetu cha difu, lile bakuli la gia linalokaa katikati ya ekseli ya nyuma, na pia mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Majuma machache nyuma nilimpeleka Detlef kukikagua kiwanda hicho. Tad alimkabili mbele ya wenzake, mikono ina grisi.

"Mzee, tuambie bila kuzunguka. Mtatumia difu yetu, au mtaleta yenu na sisi tukauze maboga?"

Detlef aliipapasa difu kama mtu anayepapasa farasi. "Difu nzuri sana hii. Hatimaye tutaifunga kwenye magari yote mawili."

Hivyo ndivyo sote tulivyosikia. Jioni ileile Tad alilipeleka neno kwenye ukumbi wa chama. Wakati huo kampuni ilikuwa imefungua orodha ya uhamisho: anayetaka kwenda kiwanda cha Illinois ajiandikishe, atapata kazi kule bila kupoteza miaka yake ya utumishi. Baada ya tangazo la Tad watu waliacha kujiandikisha. Nani awahamishe watoto shule kama difu yake inaingia kwenye magari mawili? Na orodha ilikuwa inafungwa Jumatatu hiyo, saa tisa alasiri.

"Bwana Ohlendorf. Ile difu. Ulimwambia kaka yangu hatimaye."

Uso ulimbadilika. "Nilimaanisha labda. Uamuzi haujatolewa. Tena kwa wakubwa wangu difu ya Ujerumani ndiyo inayoongoza, ni nyepesi zaidi."

"Vaa koti."

"Sina ruhusa kuzungumza na wafanyakazi juu ya uamuzi ambao haujatolewa."

"Ulishazungumza."

Alivaa koti. Tukaenda kiwandani.

Tulimkuta Tad kantini anakula mkate na soseji. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Akaacha kutafuna.

"Dada, usinitanie."

"Nimewahi kukutania siku ya kazi?"

"Stan Bielak amefuta jina lake kwa neno langu mimi. Mkewe alishafunga vyombo, akavifungua tena!"

"Basi vifungwe tena. Panda juu ya benchi useme."

Alipanda. Alilieleza lile neno, la kwao na la kwetu, na wanaume waliacha vijiko hewani.

"Tad!" Stan akapaza sauti. "Juzi ulikuwa nabii, leo umekuwa nani?"

"Leo nimekuwa mjinga, Stan. Lakini mjinga mwenye haraka. Orodha inafungwa saa tisa."

"Wamekununua!" akadakia mwingine nyuma. "Wanataka tuondoke wenyewe ili wasitulipe kiinua mgongo!"

Minong'ono ikapanda. Kaka yangu alipaza sauti, haikusikika. Watu waliomwamini alipokosea hawakumwamini alipopatia, na saa ya ukutani ilikuwa inakwenda.

Ndipo Detlef akapanda benchi la pili, na viatu vyake vilivyong'arishwa.

"Mimi ndiye niliyesema," alianza. "Huyu amerudia tu. Neno langu lilikuwa labda, na bado ni labda. Nina watoto wawili. Nisingewalaza juu ya labda."

Stan akauliza, "Na wewe, mzee, hatimaye utafukuzwa kazi kwa kutuambia haya?"

"Labda," Detlef akajibu.

Walicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Halafu benchi moja likaburuzwa, likafuata jingine, na foleni ikaanza kwenye mlango wa ofisi ya kujiandikisha. Tad alisimama hapo akiwasukuma mabegani, akiwaita kwa majina, akimfokea aliyetaka kwanza kumpigia mkewe simu.

"Na wewe?" nilimuuliza.

Alinyoosha kidole kantini. Wazee kama kumi na tano walikuwa bado wamekaa, wengine wagonjwa, wengine wana wake wagonjwa, watu wasioweza kwenda popote. "Hao watawakilishwa na nani?"

"Usinifanyie ushujaa, Tad. Una nyumba ya kulipia."

"Nenda kazini, dada."

Saa tisa mlango wa ofisi ulifungwa naye akiwa nje, hajajiandikisha.

Tangazo lilitoka majira ya kuchipua: magari yote mawili yatafungwa difu ya Ujerumani. Kiwanda kikasimamishwa mstari baada ya mstari. Tad alijadili kiinua mgongo cha wale wazee mpaka akapoteza sauti, na mashine ya mwisho aliizima mwenyewe, kwa sababu aliyepewa kazi hiyo alishindwa.

Ijumaa ya juma hilo ukumbi wa parokia ulikuwa na meza tupu. Akina Bielak walikuwa Illinois, na nusu ya kwaya pamoja nao. Tad alikaa peke yake na sahani yake. Detlef alitokea mlangoni bila kuahidi lolote, kofia mkononi, akatazama huku na huku akitafuta mahali pa kukaa.

Tad alimwona. Kisha akasukuma kiti cha mbele yake kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Samaki wapo wengi."