Kigoda Kilicholazwa Ubavu

Kwa maneno ya Gaudiosa, jirani wa mtaa wa Hallonbergen anayesafisha ngazi za jengo analokaa Loodi Wendlebury, Loodi huyo alimpigia magoti Précieuse, anayemsafishia nyumba.

"Nimeona kwa macho yangu, mlango ulikuwa wazi. Mwingereza na cheo chake, magoti chini, kama anaposa. Sasa mdogo wangu, sare tushone rangi gani?"

Précieuse alicheka tu. Magoti yalipigwa kweli, ila hayakupigwa kwa ajili yake.

Mzee yule aliijaza nyumba yake vitu vya kale: vyungu vya Kirumi, picha za watakatifu, vinyago. Kila kimoja alikijua kama mtu anavyowajua wajukuu wake. Kando yake aliweka kadi aliyoiandika mwenyewe: kilitoka wapi, nani alimweleza. Asichokijua aliandika kwamba hakijui, na Précieuse hakuwahi kuona msomi mwingine anayekubali hivyo.

Kigoda kimoja kilitoka Fizi, kwao Précieuse. Kila Alhamisi, siku yake ya usafi, Précieuse akishakipangusa vumbi, alikilaza ubavu. Kila Alhamisi iliyofuata alikikuta kimesimamishwa. Mpaka wiki iliyopita, Loodi alipomkuta akikilaza.

"Kumbe ni wewe," alisema kwa Kiswidi chake cha taratibu. "Nilidhani sakafu imeinama."

Précieuse alijua atafukuzwa kazi, basi akasema ukweli.

"Kwa ukoo wetu, mwenye kigoda akifa, mtoto wake hukilaza. Kikibaki kimesimama, ni kama bado anangojwa. Nyumba haipumziki."

Mzee alishika ukingo wa meza, akashuka goti moja, kisha la pili, akatandika kitambaa na kukilaza kigoda polepole kama mtoto mchanga. Akaomba kalamu. Kwenye kadi akaandika: Nimeelezwa na Précieuse, wa Fizi. Nilikiweka vibaya miaka kumi na tisa.

Hapo ndipo Précieuse alipopata moyo. Mama yake alipokimbia vita, kigoda cha marehemu babu, baba wa mama huyo, kilibaki uani, kimesimama. Mpaka leo, kule Tensta anakoishi, mama akisikia hatua kwenye ngazi huinuka kwenda kufungua mlango.

"Loodi, mama yangu hakukilaza cha baba yake. Naomba hiki kisimame tena wiki moja tu, nimlete akilaze kwa mkono wake."

Mzee alikuwa bado magotini. Alitazama kigoda, akatazama kadi ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Précieuse akasubiri, kitambaa cha vumbi mkononi.