Mjomba wa Kwenye Picha

Mwalimu wa chekechea aliinua picha ya mwanamume mwenye mkasi na kitana. "Kidoti, huyu ni nani?"

"Mjomba," Kidoti akajibu.

Watoto wakacheka. Mwalimu akainua picha ya mwanamke aliyeinamia cherehani. "Na huyu?"

"Shangazi."

"Na huyu mzee anayeshona viatu?"

"Babu." Kidoti akafikiri kidogo, akaona amesahau jambo. "Shikamoo, babu," akaiamkia picha.

Bibi yake, aliyekuja kumchukua, alikuwa amesimama mlangoni, hajui acheke au ajifiche. Watoto walipotoka, mwalimu alimkalisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Bibi, mjukuu wako ana adabu, hilo silipingi. Lakini hajui kazi hata moja ya watu wa mtaani. Wenzake wanaingia darasa la kwanza muhula ujao. Jumatatu nitamwuliza tena. Asipojua, itabidi abaki nami mwaka mwingine."

Nyumbani, mama yake Kidoti, ambaye ni nesi, alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa sare. Kisha kicheko kikamwishia. "Mama, mtoto umemharibu kwa adabu!"

Ni Bibi aliyemkataza Kidoti kuwaita watu wazima kwa kazi zao. "Mtu si mkasi," alikuwa akisema. "Mtu ana ukoo." Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, sasa alikuwa amekua hivyo hivyo, na huenda akaachwa nyuma kwa ajili hiyo.

Jumamosi asubuhi Bibi alijifunga khanga, akamshika mjukuu mkono. "Leo tunazunguka mtaa. Mjomba atabaki kuwa mjomba, ila tutamwongezea mkia."

"Mkia?" Kidoti akacheka.

"Utauona."

Walianza kwa kinyozi, aliyekuwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umekuja kunyoa kipara?"

"Hapana! Nimekuja kuuliza. Wewe ni mjomba nani?"

Kinyozi alizima mashine. "Mimi ni mjomba kinyozi. Hii ni mashine. Hiki ni kitana. Na hiki," akagonga kidogo utosi wa mteja, "ni shamba lisilootesha kitu."

"Nyoa wewe, acha maneno!" mteja akasema, na wote wakacheka.

Fundi cherehani nguo za watu zilikuwa zimemrundikia, lakini alisimamisha mguu. Alimpa Kidoti chaki, akamshika mkono, wakachora mstari pamoja kwenye kitambaa. Uzi, sindano, futi, pindo. Kila neno alilisema taratibu, akangoja lirudi.

"Shangazi fundi cherehani," Kidoti akasema, "futi ni ya nini?"

"Ya kupimia kiuno. Cha bibi yako nilikipima zamani, siku hizi nakikisia tu."

"Koma!" Bibi akasema, lakini njia nzima, mpaka kwa babu fundi viatu na kurudi, alikuwa akitabasamu.

Kwenye kona palikuwa na mwanamume anafagia. Bibi alimsalimia huku akitembea, kama alivyofanya miaka yote. Kidoti akasimama.

"Shikamoo, mjomba. Wewe ni mjomba nani?"

Yule mtu akageuka nyuma kuangalia anayeulizwa. Hapakuwa na mtu. "Mimi?" akasema. "Mimi mfagia barabara tu."

"Mjomba mfagia barabara. Na hivi?"

Akamtajia: fagio, koleo, toroli. Pembeni kulikuwa na kopo lenye vipande vya chupa. "Vioo siviachi kwenye taka," alieleza. "Nyinyi watoto mnapita hapa na ndala."

Bibi akatazama vidole vya mjukuu wake, vimechungulia kwenye ndala, vizima vyote. Akasema, "Ahsante, mwanangu," na safari hii alikuwa amesimama.

Jumatatu Bibi alifika mapema, akasimama pale pale mlangoni, kana kwamba yeye ndiye anayepimwa. Picha ya kwanza ikainuliwa.

"Mjomba kinyozi," Kidoti akasema. "Shangazi fundi cherehani. Babu fundi viatu." Watoto walicheka tena, lakini mwalimu alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akainua ya mwisho: mtu mwenye fagio na toroli.

"Mtu wa takataka!" mtoto mmoja akadakia, ameziba pua. "Ananuka!"

Darasa likaangua kicheko. Kidoti akaikodolea picha macho. Bibi akakaza fundo la khanga. Mtoto amesahau, alijiambia, wamemtisha.

"Huyo ni mjomba mfagia barabara," Kidoti akasema kwa sauti. "Ana fagio, koleo na toroli. Vioo anaviweka kwenye kopo, tusikatwe miguu." Akamgeukia yule mwenzake. "Na hujamwamkia."

Mkono ukashuka puani. "Shikamoo," mtoto akaiambia picha. Wengine wakafuata, darasa zima, shikamoo kwa pamoja.

"Mbona haitikii?" mmoja akauliza.

Mwalimu akamtazama Bibi pale mlangoni, akamwinulia kidole kimoja. Darasa la kwanza.

Bibi alirudi nyumbani na mjukuu wake, shingo imerefuka kama twiga, mkoba wa shule ameubeba yeye mwenyewe ili kila mtu auone. Kwenye kona akasimama.

"Mjomba mfagia barabara," alisema, "leo darasa zima limekuamkia."

"Mimi?" Safari hii hakugeuka nyuma.

"Wewe. Na hukuitikia," Kidoti akamwambia. "Wanangoja."

Akaegemeza fagio kwenye toroli, akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama wima kama aliyeitwa mbele za watu.

"Marahaba," akasema. "Kawaambie, mama. Marahaba, wote."