Laptop ya Kwendea Ukweni

Mume wangu Habakuki ameendesha malori tangu kabla sijamjua, na maisha yake yote hajawahi kumuuliza mtu njia. Kwake yeye, dereva anayeuliza njia ni kama mpishi anayeuliza chumvi iko wapi jikoni kwake mwenyewe. Nimekaa kiti cha kushoto miaka mingi nikimezea mengi. Lakini siku alipotupoteza tukienda kwa wakwe, sikumezea.

Binti yetu Grace anafundisha shule ya msingi huko Handeni, na huko huko amepata mchumba, Loishiye, kijana wa Kimasai anayefuga ng'ombe na kuwauza mnadani. Kijana ana adabu mpaka unajiuliza kama kuna kitu anakificha, na hakuna. Yeye na mama yake, Nkoile, walikuja kwetu Masuguru, hapa Korogwe, wakajitambulisha, wakala, wakacheka, wakaondoka. Ikawa zamu yetu kurudisha ugeni, tukaone mahali mwanetu atakapoishi, ndipo tarehe ya ndoa ipangwe. Grace hakutakiwa kwenda nasi. Kwetu binti hawaongozi wazazi wake kwa mchumba, ataonekana ana haraka.

Loishiye alijitolea kutungoja barabarani na pikipiki. Habakuki akakataa. "Yaani mimi nikokotwe kama gari bovu?" Akaweka pikapu yetu barabarani asubuhi na mapema, na kufikia saa tisa alasiri tulikuwa tunakaribia Kwamsisi, upande ambao ng'ombe wa Loishiye hawajawahi hata kuuota. Simu haina mtandao, mafuta yanaelekea kwisha. Tukarudi Korogwe, mimi nikitazama dirisha langu na yeye kioo chake cha mbele.

Baadaye Grace alipiga simu akilia. Nkoile alikuwa amechinja mbuzi. Alikaa amevaa shanga zake zote mpaka jua likazama, mwisho nyama wakala majirani. Hakutukana, ila alimtuma mwanawe aulize swali moja: je, wazazi wa Grace wana neno juu yetu? "Mama, safari ijayo msipofika," Grace akasema, "hatauliza tena. Atajua jibu." Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nilimkasirikia Habakuki kiasi cha kumnyima hata maneno ya kawaida ya mezani.

Siku ya tatu akaja chumba ninachoshonea nguo, akasimama mlangoni. "Mama Grace, nimefikiria. Tununue laptop."

Nilidhani jua limempiga. Kumbe alikuwa ameuliza uliza mjini (watu, si njia) akaambiwa kuna ramani unaziweka kwenye kompyuta mapema, ukiwa na bando, kisha ukiingia porini hazikudai mtandao. Unaunganisha kidude kidogo cha kunasa setilaiti, unakibandika juu ya paa la gari, na kwenye ramani kunatokea mshale unaotembea unapotembea wewe. Simu inaweza kazi hiyo hiyo, lakini simu yake ina kioo cha ukubwa wa kiganja, na Habakuki bila miwani haoni, na akivaa miwani ya kusomea haoni barabara. Alitaka kitu kikubwa. Nikamwambia twende, kwa sharti moja: mimi ndiye nitakayechagua pamoja naye.

Tulikwenda kwa Semboja, Old Korogwe, muuzaji wa kompyuta zilizotumika, mtu mpole anayefuta vumbi kila kitu hata kama hakina vumbi. Habakuki hakumaliza hata salamu. Akaenda moja kwa moja kwenye laptop kubwa nyeusi, kioo kipana kinang'aa, kifuniko hakina hata mchubuko. Akaizungusha, akaipapasa, akatabasamu.

"Hii," akasema.

Semboja hakukimbilia kuuza, na hapo akanifurahisha. "Mzee, hii ni nzuri kukaa mezani. Diski yake ni ile ya kuzunguka ndani, na gari likirukaruka kwenye mashimo itakufa haraka. Halafu betri yake imechoka." Akatoa nyingine chini ya kaunta. Ndogo, kijivu, kifuniko kimekwaruzwa, herufi mbili zimefutika kwenye vitufe, na pembeni mtu alibandika stika ya ua akashindwa kuibandua. "Hii diski yake haizunguki, haiogopi mtikisiko. Na bei yake ni ndogo, itakayobaki unapata kidude cha setilaiti na chaja ya gari."

"Hiyo ni ya mtoto," akasema Habakuki. "Kioo chenyewe kimefifia."

Mimi nimeshona nguo karibu maisha yangu yote. Mteja akinunua kitambaa dukani chini ya taa, akifika nje anakuta ni rangi nyingine, na lawama zote ni za fundi. Kwa hiyo sichagui kitu chochote ndani ya duka. Nilizibeba zote mbili, moja kila mkono, nikatoka nazo nje kwenye jua kali la saa sita, Semboja akinifuata ameshika waya kama mtu anayefukuza kuku. Nikaziweka juu ya boneti ya pikapu, zimewashwa, ramani imefunguliwa.

"Baba Grace, njoo utazame."

Akainama kwenye ile kubwa. Akaona kofia yake, uso wake, na nyuma yake paa la duka. Barabara hakuona hata moja. Akainama kwenye ile ndogo yenye kioo kilichofifia, na pale Korogwe nzima ilikuwa imelala wazi, mto, reli, barabara ya Handeni.

"Hiyo kubwa uinunue ukitaka kunyolea ndevu," nikamwambia.

Semboja alicheka mpaka akakaa chini. Habakuki akajaribu pigo la mwisho, akasema kioo kidogo kitamsumbua macho. Nikamuuliza ni nani atakayekuwa ameipakata njia nzima, yeye anayeshika usukani au mimi. Akaanza kuhesabu hela. Tukanunua ile ndogo.

Wiki iliyofuata ilikuwa tamu, nakiri. Kila jioni tulitoka kufanya mazoezi, mimi nimeipakata, yeye anaendesha. Mshale ulichelewa kidogo, ikawa kila tukiikaribia kona Habakuki anaubishia. "Bado niko hapa, wewe!" Tulipovuka daraja la Pangani ukatuweka katikati ya mto, akapiga honi kwa hasira, kisha tukacheka wote wawili. Ilikuwa muda mrefu hatujacheka ndani ya gari lile.

Jumamosi moja, akiwa anaosha pikapu, nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaa rohoni. "Siku ile ulipotea kweli, au ulitaka kupotea?"

Aliendelea kusugua tairi. "Nilipotea kweli," akasema. "Ndicho kinachonitisha. Grace akikaa Korogwe najua mlango wake. Akikaa Handeni mjini, najua. Lakini kule, Mama Grace, kama mimi baba yake nimeshindwa kufika mara ya kwanza, siku akiniita usiku anaumwa nitamfikiaje? Nataka niweke alama. Nikishaiweka nitalala."

Nilichukua kitambaa nikamsaidia kusugua. Hasira zangu zote ziliishia kwenye ile ndoo ya sabuni.

Loishiye alikuwa amempa Grace alama ya boma lao kwenye simu, tangu siku walipokuja kwetu. Grace akatutumia, Semboja akatuingizia kwenye laptop. Safari hii Habakuki alikataa tena kungojwa barabarani, ila kwa sauti ya chini. "Mwambie akae na mama yake. Nitafika."

Tukapita Handeni mjini, tukaacha lami, tukaingia kwenye vumbi. Ramani ilionyesha njia ambazo kwa macho zilikuwa alama za kwato tu. Mimi nasema kushoto, yeye anakata kushoto. Nasema simama, anasimama. Laptop ilirukaruka mapajani kwangu isizime hata mara moja, na jua lilipopiga kwenye kioo nikaendelea kuona. Nilijisifu kimoyomoyo, na nadhani kidogo kwa sauti.

Mshale ukakutana na alama. Tulikuwa tumefika.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na duara la miiba iliyokauka, samadi kavu, majivu, na fremu za nyumba zilizobaki bila udongo. Habakuki akazima injini. Mikono yake ilibaki juu ya usukani. Akilini nikamwona Nkoile amevaa shanga zake anatungoja mahali pengine kabisa, jua likimshukia. Nikajua akisema "turudi", ndoa ya Grace imekwisha.

Kwa mbali alikuja mama mmoja na punda wawili wenye madumu ya maji. Nikafungua mdomo nimsihi Habakuki amuulize, lakini kabla sijasema, yeye alishachukua laptop mapajani kwangu, ameshuka, ameiweka juu ya boneti.

"Takwenya, mama!" akaita, akimsalimu kwa Kimasai.

"Iko!" akaitikia yule mama, ambaye jina lake tulikuja kujua ni Siamanta.

"Mama, ramani yangu ina kosa. Naomba unisaidie kuirekebisha."

Nilibaki mdomo wazi. Hakuuliza njia, la hasha. Alikuwa anarekebisha ramani. Siamanta akaja, akainama kwenye kioo, jua likiwa kichwani, akaona.

"Haina kosa," akasema. "Kwa Loishiye palikuwa hapa. Wamehama."

"Mbona hakutuambia?"

Siamanta akamtazama kama anayetafuta namna ya kumjibu mtu mzima bila kumvunjia heshima. "Akuambie nini, mzee? Ni kiangazi. Majani yameisha." Kwao kuhama wakati wa kiangazi si habari, ni kama mimi kubadili shuka za kitanda. Nani anampigia mkwewe simu kumwambia amebadili shuka? Akaweka kidole chake juu ya doa la bluu kwenye ramani. "Lambo hili hapa. Wako upande wa pili."

Kuanzia hapo mume wangu hakuzuilika. Akakutana na vijana wenye ndama, akasimama, akashuka na laptop yake. Akakutana na mzee anayetembea peke yake, akamwamkia, akasimama naye tena muda mrefu, wakaulizana habari za ng'ombe, za watoto, za mvua, na mwisho mzee akampa jina la korongo ambalo ramani haikuwa nalo. Lambo lilikuwa linaonekana waziwazi kwa mbele, hakukuwa na haja ya kumuuliza mtu yeyote, lakini akamuuliza na mwanamke aliyekuwa anateka maji. Nilikaa kwenye gari nikicheka peke yangu kama mwehu.

Nkoile alikuwa amesimama mlangoni pa boma jipya, shanga zote shingoni. Loishiye akakimbilia gari. Mama yake hakukimbia. Alitungoja tushuke, akatuangalia mmoja mmoja, akamuuliza Habakuki, "Leo mmefika, au mnapita tu?"

"Tumefika, mama," akasema Habakuki. "Mara ya kwanza nilipotea. Sikuuliza njia. Nisamehe."

Nkoile akamshika mkono, hakuuachia haraka. Kisha akageuka akaamuru mbuzi ashushwe kutoka motoni, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Tulikula, tukanywa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi ambayo Habakuki aliyaogopa mwanzoni, kisha akaongezwa mara mbili. Tukaonyeshwa mahali nyumba ya Grace itakapojengwa, karibu na ya mama mkwe wake. Tarehe tukakubaliana, baada ya mavuno. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Kabla ya kuondoka Habakuki akaleta laptop, akaiweka juu ya kigoda mbele ya Nkoile. Akabonyeza polepole, herufi moja moja, mbili zilizofutika akizitafuta kwa kubahatisha. Aliandika: *Nyumbani kwa Grace*. Kidoa chekundu kikatokea kando ya lambo. Akakaa akikitazama, uso wake umetulia, nikajua usiku ule atalala.

Nkoile akauliza kilichoandikwa. Loishiye akamsomea. Yule mama akacheka kwa upole. "Baba Grace, mvua zikianza tunarudi kule kwenye boma mlilolikuta tupu. Na mwaka mwingine huenda tukaenda kwingine kabisa. Hiyo alama yako haitakaa."

Niliutazama uso wa mume wangu. Nilimwona amerudi pale kwenye tairi na sabuni, na nikaogopa kwa niaba yake. Alikigusa kile kidoa chekundu kwa kidole. Halafu akaifunga laptop taratibu, akaweka kiganja chake juu ya ile stika ya ua.

"Basi nitakuwa nauliza," akasema. "Kila nikija, nitauliza njiani mpaka nifike. Nitauliza, 'Kwa Nkoile ni wapi?'"

"Usiulize 'kwa Nkoile'," mama yule akamjibu, akimjazia tena kikombe. "Uliza 'kwa Grace'. Watu watakuwa wanamjua."