Kikao cha Macho Yangu

Kikao kiliitishwa Jumamosi saa tisa alasiri, na ajenda ilikuwa macho yangu. Macho yangu mimi Natalia, haya mawili niliyozaliwa nayo. Aliyekiitisha ni shemeji yangu Optatus, kaka mkubwa wa mume wangu, mtu ambaye hata kisima cha kijiji kilipokauka hakuona sababu ya kukutana na yeyote. Alipanga viti kibarazani kwangu, akaniagiza nichemshe chai, kisha akaniambia nikae nisikilize.

Waliokuja ni yeye, mume wangu Romani, mama mkwe wangu Genoveva aliyekaa mkekani ameegemea ukuta, na jirani yetu Kibwana, ambaye si ndugu, lakini hapa Kikole hakuna kikao kinachompita. Kabla Optatus hajafungua mdomo, Kibwana alininyooshea kidole gumba.

"Shemeji, samahani, kabla hatujaanza. Kuna kibanzi hapa, tangu juzi hakinipi usingizi."

Nilipandisha miwani kwenye paji la uso, nikakivuta kile kidole hadi karibu na pua yangu, nikachomoa sindano ninayoichomeka kwenye pindo la kanga. Nikakiona, nikakitoa. Kibwana akapuliza kidole, akasema alhamdulillahi, akarudi kitini na kukiinua kidole kilekile hewani.

"Mimi upasuaji huo siuungi mkono," akasema.

Ngoja nieleze, maana nikianza kukasirika sitaeleza vizuri. Mimi naona karibu tu. Kitu kikiwa umbali wa shubiri moja nakiona mpaka vinyweleo vyake, lakini kikisogea hatua tatu kinakuwa ukungu. Nimevaa miwani tangu kidato cha kwanza. Nikiivua, hakuna mwiba unaojificha nisiuone. Kwa hiyo tangu niolewe hapa, miaka kumi na tisa sasa, kijiji kizima kinaniletea miguu. Miiba, vibanzi, funza, vipande vya chupa. Bibi zangu wananiletea sindano niwatungie uzi. Wanakuja nikiwa nakula, wanakuja nikiwa na pampu mgongoni napulizia mikorosho dawa ya salfa, wanakaa, wanavua kandambili, wananyoosha mguu. Nyayo za watu wa Kikole nazijua kuliko nyuso zao.

Na nyuso ndizo zilizonichosha. Mwezi wa sita, tukivuna ufuta, miwani yangu ilianguka na Romani akaikanyaga. Nyingine ilitoka Dar es Salaam baada ya wiki tatu. Katika wiki hizo nilipita watu njiani bila kuwasalimia, wakasema mama Imani siku hizi anaringa. Hilo nililimeza. Lakini katika wiki hizohizo askofu alikuja kutoa kipaimara, na binti yangu Imani alikuwa mmojawapo. Wasichana kumi na wawili wamevaa nguo nyeupe, wote urefu mmoja. Nikakaza macho, nikamtambua wangu, nikasimama nikapiga vigelegele kanisa zima likageuka. Alikuwa mtoto wa watu. Imani alikuwa wa tatu nyuma yake. Nyumbani nilimwomba radhi, akanijibu, "Si kitu, mama."

Lile "si kitu" ndilo lililonipandisha basi la Dar es Salaam.

Daktari alinipima muda mrefu, akasema jicho langu linafaa, leza inaweza kulirekebisha nikaona mbali bila miwani. Nikafurahi. Kisha akaniuliza umri, nikamwambia arobaini na nne, naye akaweka kalamu chini.

"Mama, ujue jambo moja. Mtu wa umri wako, macho ya karibu yanaanza kuchoka. Wewe hujagundua kwa sababu ukivua miwani unaona. Nikishakurekebisha, mbali utaona, lakini vitu vidogo vya karibu utahitaji miwani ya kusomea."

"Yaani navua miwani ili nivae miwani?"

"Si ileile," akasema kwa upole, na upole wake ukaniudhi. Nesi akanipa tarehe na namba ya simu, akasema nithibitishe kabla ya saa kumi na moja Jumamosi, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Nikafanya kosa la kumweleza Romani. Romani akamweleza kaka yake. Ndiyo nimekaa kibarazani kwangu, nasikilizishwa.

Optatus alikuwa ameangalia video kwenye simu. "Wanakubandua jicho kama ganda la korosho," akasema, "kisha wanakupiga mwali. Mwali, Natalia! Ukipiga chafya je?"

"Wanakushikilia," nikasema.

"Nani anaweza kushikilia chafya?"

Kibwana akaleta habari za mtu wa huko Rondo aliyefanyiwa akawa anaona watu wamepinduka. Nikamuuliza anaitwa nani. Hakumjua jina, ila alikuwa anajuana na fundi aliyemjengea. Romani alikuwa anazungusha kikombe mkononi, na mume anayezungusha kikombe mke wake akisemwa anaudhi kuliko wanaosema.

"Baba Imani, wewe unaonaje?"

"Mimi nasikiliza wakubwa," akasema.

Ndipo Optatus akakohoa, akafika pale alipokuwa anapatafuta tangu mwanzo. "Shemeji, tusifichane. Leza siyo tatizo. Tatizo ni kwamba ukishafanyiwa, sisi tutakwenda kwa nani? Zahanati mwiba wanakuandikisha foleni. Macho yako hayo si ya kwako peke yako."

Hapo nilisimama. Chai ilimwagika, sikuifuta.

"Si ya kwangu peke yangu? Nilipopiga vigelegele kwa mtoto wa mwenzangu, nani kati yenu aliona aibu ile ni yake pia? Mlicheka! Wewe Optatus ulicheka mpaka ukatoka nje ya kanisa. Nimewatoa miiba wote mliokaa hapa. Mimi nina mwiba wa mndimu kisiginoni tangu Alhamisi, naenda shamba nachechemea, kuna aliyeniuliza? Kisigino changu mwenyewe siwezi kukileta puani! Haya, utoeni ninyi."

Nikakaa, nikanyoosha mguu katikati ya kikao.

Walitazamana. Romani akaushika wa kwanza, akauweka mbali, akausogeza, akaurudisha mbali tena, akasema mwanga hautoshi. Ilikuwa saa tisa na nusu, jua linachoma. Optatus akawasha tochi ya simu, akachokonoa na sindano yangu mahali ambapo hapakuwa na mwiba, nikapiga kelele. Kibwana akasema bora kuloweka na chumvi.

"Leteni huo mguu hapa," akasema mama mkwe wangu.

Alikuwa hajatia neno tangu mwanzo. Nikasogea mkekani, nikasema, "Mama, wewe utaona nini?" maana macho yake yamechoka kiasi kwamba hata chai humiminiwa. Aliweka kisigino changu pajani, akatazama upande wa mashambani, wala si mguuni. Kidole gumba chake kikapita taratibu kwenye ngozi, kikarudi, kikasimama. Akabinya pande mbili. Akapapasa sindano, akaigusisha mara moja tu, akabinya tena, na mwiba ukatoka mzima. Sikuwa nimehisi hata maumivu.

"Kumbe unaweza?" nikasema.

"Kabla hujaolewa, hawa nani alikuwa anawatoa miiba?" Akamnyooshea kidole Optatus. "Huyu akiwa mdogo alikuwa anakanyaga kila kitu."

Nilihesabu kichwani miaka kumi na tisa ya miguu ya watu, chakula changu kikipoa, na yeye amekaa hatua kumi kutoka kwangu na vidole vile. Hasira ikanipanda upya. "Mama, mbona hukuwahi hata siku moja kunipokea kazi hii? Unaniona nahangaika!"

"Ningempokea nani? Ulikuja na macho yako makali, wakahamia kwako wote. Mwezi wa kwanza nilishukuru, nikasema sasa nimepumzika. Halafu nikaona hakuna anayekuja kukaa. Salamu wakawa wanaitolea njiani, 'shikamoo mama,' wanapitiliza kwako. Mtu akikuletea mguu anakaa, anakwambia na habari za mwanawe. Wakiacha kukuletea mguu hawaji tena." Alikuwa bado ameshika kisigino changu. "Mimi leza yenu siijui, siikatai. Nilikuwa nakaa hapa nawaza na wewe watakukimbia hivyohivyo."

Optatus alizima tochi, ambayo ilikuwa inawaka muda wote.

Mimi niliona aibu, na niliposhikwa na aibu sikujua niifanyie nini, kwa sababu nilikuwa sijamaliza kukasirika. Miaka yote ile nilidhani mama mkwe wangu ananyamaza kwa sababu hanipendi. Nilikuwa nampelekea chakula, naweka, naondoka haraka, kuna mguu unanisubiri.

"Ungeniambia, mama."

"Ningesemaje? Nirudishie miiba yangu?"

Kibwana alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake, akaacha.

Nikachukua simu, nikampigia nesi mbele yao wote, nikaweka spika wasije wakasema baadaye hawakusikia. Nikasema naitwa Natalia wa Kikole, Kilwa, nathibitisha, nakuja.

"Sawa, mama. Siku hiyo uje na mtu wa kukusindikiza," nesi akasema. "Ukitoka hutaona vizuri kwa saa kadhaa, huwezi kutembea peke yako. Nimwandike nani?"

Nilimtazama Romani. Romani alimtazama kaka yake. "Tarehe hiyo si ndiyo tumekodi mashine ya salfa?" akaniuliza kwa sauti ya chini, na Optatus akaitikia kwa kichwa kama aliyeokolewa. Kibwana alikuwa ameshasimama, amekumbuka mbuzi wake hajamfunga.

"Mwambie aandike Genoveva," akasema mama mkwe wangu.

"Mama! Wewe ukienda hapo Nangurukuru tu unatapika kwenye gari."

"Nitabeba limau."

"Na macho yako mwenyewe hayaoni! Dar es Salaam ile, magari yale, utanishika mkono unipeleke wapi?"

"Kwani mkono wako," akasema, "nitaushika kwa macho?"

Nesi akauliza kama bado niko hewani. Nikamwambia nipo. Nikamtajia jina la mama mkwe wangu, kisha ikabidi nilirudie, kwa sababu mara ya kwanza halikutoka vizuri.