Uibe ya Kichala cha Pili

Mume wangu Venyamin ni mtu mwema, na hilo ndilo linalonikera zaidi, maana mtu mbaya ningemfukuza zamani. Jumamosi moja ya Agosti aliamka na wema wake, akachota maji bila kuambiwa, akapasua kuni, akaenda kuwasha jiko la bafu la mvuke ili nikitoka bustanini nikute joto limeshakolea. Moto aliuwashia gazeti. Gazeti lenyewe lilikuwa limetandazwa kwenye benchi la chumba cha kuvulia nguo, pale penye ukavu mzuri, na juu yake nilikuwa nimepanga mbegu mia moja na arobaini za nyanya ya Bilauri, zimekauka na kuganda kwenye karatasi kama inavyotakiwa.

"Lilikuwa la wiki iliyopita," akaniambia. "Nilishalisoma."

"Hukuona mbegu?"

"Niliona vidoadoa. Nikadhani nzi wamelichafua."

Nilipiga ukelele ambao watu wa mtaa wa tatu walidhani kuna msiba. Hawakukosea sana.

Hapa kwetu Minusinsk kila nyumba ina nyanya yake. Watu wa nje wanashangaa kwamba Siberia kunaota nyanya, sisi tunashangaa kwamba wao wanakula yale mawe mekundu ya dukani. Mimi nina Moyo wa Fahali, nina Khurma ya manjano, nina Tone la Asali kwa ajili ya wajukuu, lakini hizo ni za kujaza chupa. Nyanya yangu hasa ni Bilauri. Ndefu, ya waridi, imesimama kama bilauri ya chai, na ukiikata ndani ni nyama tupu kama tikiti, mbegu za kuhesabu. Aliyeitunza ni mama yangu, Pelageya Danilovna, miaka arobaini, kila mwaka akichagua moja iliyo bora na kuila yote isipokuwa mbegu zake. Mama ana miaka tisa kaburini. Kila Agosti, nikikata Bilauri ya kwanza na kuitia chumvi, kwa muda wa tonge moja ninakuwa nimekaa jikoni kwake.

Sasa mtauliza, mwanamke mzima wa miaka sitini na sita, huna mbegu za akiba? Sina, na kosa ni langu. Machi ile niliingiwa na tamaa. Nilipanda zote, hadi ya mwisho, nikajaza madirisha yote ya nyumba kwa makopo ya miche, tukaishi gizani miezi miwili huku Venyamin akipapasa ukuta kutafuta kikombe chake. Nilitaka mwaka huu niwatishe watu. Nikasonganisha miche bustanini kama watu sokoni, mvua za Julai zikaja, ugonjwa wa bakajani ukaingia, na nilichoweza kuokoa ni nyanya nne tu za kwanza. Mimea mingine niling'oa nikaichoma. Kwa hiyo zile mbegu za kwenye gazeti ndizo zilikuwa Bilauri yote iliyobaki duniani.

Yaani, yote isipokuwa ya Glafira.

Glafira Savelyevna ni jirani yangu wa ubavuni. Mama, mwaka ule wa mwisho wa uhai wake, alimpa miche sita ya Bilauri. Nilijua anayo. Kutoka dirishani kwangu niliziona kila kiangazi zikiwa wima chini ya nailoni, safi, zimefungwa kwa vitambaa laini, na niliziangalia kama mtu anavyomwangalia mume wake wa zamani akiwa amenenepa kwa mke mwingine. Lakini mimi na Glafira tulikuwa hatusemeshani kwa mwaka wa sita. Katika shindano la mtaa wetu nilipeleka Moyo wa Fahali wa kilo moja na gramu mia nne. Waamuzi walishaanza kupiga makofi. Glafira akanyoosha kidole na kusema kwa ile sauti yake ya mwalimu wa hesabu, "Hizo ni pacha. Maua mawili yameshikana. Angalieni makovu." Wakaangalia makovu. Yalikuwa mawili. Nikarudi nyumbani na nyanya yangu kwenye beseni, na tangu siku hiyo tukikutana kisimani yeye anatazama ndoo na mimi natazama mbingu.

"Nenda ukamwombe," akasema Venyamin.

"Nimwombe Glafira? Bora nile viazi mpaka nife."

"Basi niende mimi."

"Wewe ukienda, utarudi na mbegu za boga."

Ilishawahi kutokea.

Siku tatu sikulala vizuri. Agosti ikipita baridi inashuka, na Bilauri za Glafira zitavunwa, zitaingia kwenye chupa, kwisha. Na yeye ana presha, ana miaka sabini na moja. Akifumba macho, watoto wake wa mjini watauza kiwanja, na nyanya ya mama yangu itafukiwa na banda la gari la mtu. Nikaamua kuiba.

Jumanne asubuhi Glafira huenda kupimwa presha. Nilimsubiri afunge lango, nikahesabu mpaka mia moja, nikapita kwenye ule ubao uliolegea wa uzio, na kwa umri wangu na kiuno changu huko si kupita, ni kuzaliwa upya. Nikakimbilia chini ya nailoni. Nikachuma iliyokuwa kubwa kuliko zote, juu kabisa ya mche, nikaiweka ndani ya aproni nikarudi nilikotoka, na kipande cha sketi kikabaki kwenye msumari.

Nilikuwa jikoni nimeshaikata, kijiko mkononi, ninaanza kukwangua mbegu, mlango ulipofunguliwa. Hakubisha hodi. Alisimama pale Glafira, karatasi ya presha mkono mmoja, kile kipande cha sketi yangu mkono wa pili.

"Kapitolina Gordeyevna," akasema. Haya yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa miaka sita. "Wewe ni mjinga."

"Ni nyanya moja tu, Glafira Savelyevna."

"Moja, na umechagua hiyo. Umetoa wapi hiyo?"

"Juu."

"Juu." Akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Mtoto wa Pelageya Danilovna anachuma nyanya ya mbegu juu. Marehemu anajigeuza huko aliko. Khurma yangu iko hatua mbili kutoka pale. Vichala vya juu vilipochanua, nayo ilikuwa imechanua, na nyuki wakazurura watakavyo. Panda hizo, mwaka ujao uone zitakavyotoka. Za manjano, mviringo, halafu useme Glafira amekuroga."

Nilitazama mbegu kwenye kijiko.

"Mbegu inatoka kichala cha pili kutoka chini," akaendelea. "Hicho kilichanua kabla Khurma haijachanua. Kwenye kila mche ninaacha moja, nimeifunga uzi mwekundu. Uzi mwekundu, mama. Hata mwizi kipofu angeuona."

"Nilikuwa na haraka."

"Mwizi mwenye haraka hufungwa."

"Umejuaje nahitaji mbegu?"

"Jumamosi ulipiga kelele mpaka kuku wangu waliacha kutaga. Halafu Venyamin wako akamsimulia muuza maziwa, na muuza maziwa ni kama redio."

Nikaweka kijiko chini. Niliona kwamba sasa hakuna pa kukimbilia, nikameza mate na fahari yangu pamoja. "Basi nipe moja, Glafira. Ya uzi mwekundu. Nakuomba."

"Sikupi."

"Kwa ajili ya ile pacha? Miaka sita yote?"

"Ile ni pacha mpaka leo. Sikupi kwa sababu nikikupa utaniambia asante. Nakujua wewe, mdomo wako hauna mlango. Na mche uliosemewa asante hauoti, hilo hata Venyamin analijua." Akainuka, akajifuta mikono ingawa haikuwa na kitu. "Cha kuiba ndicho kinachoshika. Leo saa kumi naingia bafuni kujichapa kifagio cha majani kwenye mvuke. Nitakaa saa nzima. Lango sitalifunga, maana uzio wangu hauwezi kuhimili kukupitisha mara ya pili. Uje uibe vizuri."

Saa kumi moshi ukapanda kutoka bafuni kwa Glafira. Nikavaa sketi nyingine na kupitia langoni kama mtu na heshima zake. Nilikuwa sijawahi kuiba nikiwa nimealikwa, na niwaambie, ni vigumu zaidi. Nilipofika kwenye miche, kidirisha cha bafu kikafunguka kidogo, mvuke ukatoka, na sauti nyuma yake.

"Siyo mstari huo. Wa pili."

"Si unajichapa mvuke wewe?"

"Najichapa. Sikuoni. Wa pili, mche wa tatu. Na uinue jani kwanza usilivute, wewe si ng'ombe."

Nikainua jani. Pale, karibu na ardhi, palikuwa na Bilauri ya waridi iliyoiva mpaka shingoni, na uzi mwekundu umefungwa fundo la taratibu, la mtu asiyetaka kuubana mche. Chini yake palikuwa na kibao kimechomekwa udongoni. Asubuhi sikukiona, nilikuwa nikitazama juu kama mbuzi. Vibao vya miche mingine yote vilikuwa na majina ya nyanya: Khurma, Ndizi, Moyo wa Fahali. Hiki kilipakwa rangi ya mafuta, herufi za mwalimu, na rangi ilikuwa imerudiwa mara nyingi, juu ya ile ya zamani, juu ya ile ya zamani zaidi. Kiliandikwa PELAGEYA DANILOVNA.

Hapa kwetu mbegu tunaiita kwa jina la aliyetupa, hilo si jambo geni. Lakini mimi mtoto wa kumzaa, miaka tisa, nimekuwa nikiandika "Bilauri" juu ya pakiti kama vile nimeinunua dukani. Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa sauti.

Mlango wa bafu ukalia. Glafira akatoka amejifunga taulo, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, majani ya kifagio cha kujichapia yamemganda shingoni na mabegani.

"Nini tena? Umeivunja?"

"Kwa nini umemwandika mama?"

"Ulitaka nimwandike nani?" Akatazama kibao, akakinyoosha kidogo kwa kidole cha mguu ingawa kilikuwa kimenyooka. "Mwaka ule nilikuwa nimetoka kumzika mume wangu Yefim. Sikuwa na nia ya kupanda kitu. Bustani ilikuwa imeota magugu mpaka kwenye dirisha. Mama yako hakuniuliza. Alikuja na lile sanduku la miche, akaliweka mlangoni, akasema, 'Hizi zitakufa kama hutozipanda leo,' akaondoka. Nikazipanda. Nilikuwa na hasira naye, lakini nikazipanda, na kesho yake ikabidi nitoke kuzimwagilia, na kesho kutwa tena."

"Hakuniambia."

"Na mimi sikumwambia neno. Ningemwambia asante ningeiua. Nikasema ngoja, nitamwambia vuli, tukishavuna, wakati huo haina madhara." Akavuta pumzi, na mvuke ulikuwa bado unamtoka mwilini. "Vuli akawa hayupo. Kwa hiyo ile asante bado ninayo hapa mdomoni, mwaka wa tisa. Ninapiga rangi kibao tu."

Nikachuma ile nyanya. Uzi nikauacha juu yake. Nikaitia mfukoni mwa aproni nikasimama, na ulimi wangu ukaanza kusogea wenyewe, kwa mazoea, kama unavyosogea kwa kila mtu aliyenipitishia chumvi.

"Thubutu," akasema Glafira. "Litamke tu, nakupokonya sasa hivi."

Nikaufunga mdomo. Kwa kuwa mdomo ulikuwa umefungwa na mikono haikuwa na kazi, nikamkumbatia, yeye na taulo lake na majani yake na joto lake la bafu. Alisimama kama nguzo ya uzio. Kisha kidevu chake kikashuka polepole mpaka kikafika begani kwangu, na hapo nikamsikia akivuta kamasi. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko tulivyokusudia.

"Kapa," akasema begani kwangu, akilifupisha jina langu. "Unaiponda nyanya."

Kweli, nilihisi maji yake ya uvuguvugu yakiteremka kwenye paja langu.

"Nyamaza," nikamwambia. "Mbegu hazipondeki."