Kwaya Iliyoanzishwa kwa Uongo

Nyumbani kwa Mama Mapacha kila mtu alimwita Dada. Mapacha walimwita Dada, baba yao alimwita Dada, hata muuza maziwa pale getini alimwita Dada. Alikuwa amepika, amefua na kupiga pasi katika nyumba ile kwa miaka sita, tangu mapacha wakiwa wachanga, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuamka bila sufuria kumsubiri. Hakuna aliyemtesa. Mama Mapacha alikuwa mwalimu mkuu wa shule, mkali lakini si mtu mbaya. Ni kwamba tu siku ya mapumziko haikuwahi kumjia mtu akilini, kama ambavyo hakuna anayefikiria kuipa friji likizo.

Siku moja sokoni, akiwa anachagua nyanya, alikutana na mtawa mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake. Watu walimwita Sista Kengele. Alikuwa akiwaambia wasichana wa kazi kwamba kila Jumapili saa tisa alasiri, katika ukumbi nyuma ya kanisa, masista wanafundisha sheria za kazi: mkataba, likizo, ugonjwa, siku ya kupumzika. Dada alitaka kupita zake. Sista akamshika mkono.

"Wewe wanakuita dada, mimi wananiita sista," alisema. "Neno ni lile lile. Tofauti yetu ni kwamba mimi napumzika."

Neno hilo lilimkaa Dada moyoni hadi nyumbani. Lakini angeombaje ruhusa ya kwenda kufundishwa haki zake, kwa mtu yule yule atakayekwenda kumdai? Kwa hiyo jioni, akipakua chakula, alisema amechaguliwa kuingia kwaya ya masista. Mama Mapacha, ambaye alikuwa muumini wa kutajwa kanisani, alifurahi sana na kumpa saa mbili kila Jumapili.

Uongo mzuri hauna mwenyewe. Darasani walikuwa kumi na mmoja. Dada aliwasimulia wenzake, na mwezi haukuisha kabla saba kati yao hawajawa wanakwaya. Sista hakujua lolote. Aliandika sheria ubaoni, akazieleza kwa maneno mepesi, kisha akawafanyisha mazoezi ya kuomba haki kwa heshima, yeye akijifanya bosi. Aliiigiza nafasi hiyo vizuri mno hata binti mmoja akaacha kazi papo hapo, ikabidi akumbushwe kwamba hajaajiriwa na Sista. Mkubwa wao alikuwa Bibi Mfuaji, aliyefua nguo za familia moja miaka thelathini. Aliposikia kwamba likizo ni haki na si zawadi, aliomba Sista arudie mara tatu.

Mambo yaliharibika Jumapili moja baada ya misa. Mama Mapacha alimfuata Sista mlangoni mwa kanisa, akampongeza kwa kwaya yake, akamweleza kwamba amekwisha kuzungumza na paroko na wataimba baada ya wiki tatu. Sista alibaki kama mtu aliyemeza nzi mbele ya wageni. Mwishowe alijibu kwamba wiki tatu zitatosha.

Alasiri ile alifunga mlango wa ukumbi, akauliza nani anajua habari za kwaya. Dada akasimama.

"Ni mimi, Sista. Bila hivyo nisingeruhusiwa."

Hasira ilikuja usoni mwa Sista, kisha ikaenda. "Mimi sisemi uongo," alisema, "na ninyi siwezi kuwasaliti. Basi njia ni moja. Simameni tuimbe."

Tatizo ni kwamba hawakujua kuimba. Sauti ya Sista mwenyewe ingeweza kuamsha wafu, ila ilikuwa na noti moja tu. Bibi Mfuaji alianza kila wimbo wenzake walipokuwa wakimaliza. Siku ya kwanza mlinzi wa kanisa alikuja mbio kuuliza nani ameumia. Hata hivyo hawakuliacha darasa: nusu saa sheria, saa moja na nusu wimbo. Dada alifanya mazoezi kwenye karo la vyombo, mapacha wakaukariri wimbo kabla yake, wakawa wanamsahihisha.

Siku yenyewe ilipofika walianza juu mno. Kufikia ubeti wa pili nusu yao walikuwa wakichezesha midomo tu. Walipomaliza, Bibi Mfuaji alikuwa bado na mistari miwili, na kanisa zima likamsubiri amalize kwa raha zake. Watu walicheka, kisha wakapiga makofi ya kweli. Mama Mapacha, kiti cha mbele, alipiga makofi hadi mkoba wake ukadondoka.

Makofi hayo ndiyo yaliyomchoma Dada. Alasiri, jikoni, alijifuta mikono na kusema.

"Mama, kwaya haikuwepo. Nilikuwa naenda kusoma sheria za kazi."

Mama Mapacha aliweka glasi chini. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikubalia?"

Mama alianza kusema ndiyo, akajizuia. Alikuwa mwalimu, alilijua jibu la uongo hata likitoka kwake. "Hapana," alisema. "Nisingekubali."

Ndipo Dada akaomba alivyofundishwa: Jumapili nzima, na mkataba wa maandishi. Sauti yake ilitetemeka, lakini si sana kama kanisani. Mama alisema atafikiri, na siku mbili nyumba ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Jumatano alikwenda mwenyewe kwa masista. Walibishana na Sista saa nzima juu ya kupiga pasi, akaondoka na nakala mbili za mkataba, ya pili akampelekea mdogo wake ambaye naye alikuwa na msichana wa kazi.

Walitia sahihi kwenye meza ya chakula. Baba alisoma kwa sauti, na mapacha walishangaa kusikia kwamba Dada ana majina matatu, wakataka kujua alikuwa ameyaficha wapi. Baba alipofika penye Jumapili aliuliza nani atapika. Mapacha wote wawili wakamnyooshea kidole.

Mwaka ulipoisha, tisa kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wamepata siku yao. Mmoja alifukuzwa kwa kuomba. Masista walimpa chumba kwa wiki tatu hadi akapata nyumba nyingine, mkataba ukitangulia mzigo. Kwa Bibi Mfuaji walikataa mara mbili, Sista bado anakwenda.

Jumapili yake ya kwanza, Dada aliamka alfajiri kwa mazoea, akalala tena kwa ubishi. Saa nne akaenda kwa masista, maana hakujua mahali pengine pa kwenda. Sista akamvutia kiti, akamkataza kugusa kitu, akaingia jikoni mwenyewe. Dada alikaa mikono mapajani, akisikia mtu mwingine akihangaika na vikombe. Chai ilipokuja ilikuwa na sukari nyingi na majani machache. Aliinywa yote, akaomba ya pili.