Ubao wa Mbithe

Ukurasa uligoma kufunguka. Mbithe alibonyeza tena, kwa upole safari hii, kana kwamba kidole chake ndicho kilichoiudhi kompyuta, na kioo kikamrudishia maneno yaleyale: kuna hitilafu ndani ya seva, wasiliana na msimamizi.

"Msimamizi ni mimi!" alisema.

Hakujua amelisema kwa sauti kiasi gani. Patrobas, aliyekuwa amepiga magoti chini ya meza akikaza kebo, aliinuka ghafla akagonga kichwa, kwa hiyo huenda ilikuwa kubwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka wa tisini na tisa, katika chuo cha kompyuta cha Bwana Mativo, ghorofani juu ya duka la mabati na misumari huko Baba Dogo. Mbithe alikuwa mpiga chapa wa chuo. Watu walimletea barua za kuomba kazi, kadi za harusi na ratiba za mazishi, naye akazichapa zikatoka safi. Alikuwa kiziwi. Ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo ulimshika akiwa darasa la nne kule Mwala, ukamwachia maneno yote aliyokuwa ameshajifunza na kuondoka na sauti zake. Tangu hapo alisoma midomo ya watu, na kazi hiyo ilimchosha. Wapo wanaotafuna maneno. Wapo wanaogeuza uso katikati ya sentensi. Lakini kinachochosha kuliko vyote ni mkutano, maana kabla hajamwona anayesema, mwingine ameshadakia.

Mwalimu wa chuo alipoacha kazi na kuhamia Mombasa, Mbithe aliingia ofisini kwa Bwana Mativo akaiomba nafasi ile.

Bwana Mativo alikuwa karani mstaafu na mtu mwema. Aliizungusha kalamu yake juu ya meza kwa muda, kisha akamwelekezea uso ili amsome vizuri.

"Kompyuta unazijua, Mbithe. Hilo si neno. Neno ni hili: mwanafunzi akiuliza swali kutoka nyuma, utajuaje?"

"Nipe Jumamosi moja tu," alisema. "Nikishindwa, mlete yule kijana wa mjini aliyeomba nafasi hii."

Jibu la swali lile lilitoka kwa Patrobas. Patrobas aliendesha mashine ya kutengeneza ndoo katika kiwanda cha plastiki, na jioni alikuja chuoni kujifunza. Alikuwa amezinyoa sharubu zake, akidai ni joto la kiwandani, ingawa Mbithe alijua kwamba tangu hapo midomo yake ilisomeka kama gazeti. Ndiye aliyemletea gazeti kuukuu la kompyuta aliloliokota kwa wauza vitabu wa kando ya barabara mjini. Nyuma ya jalada palikuwa na sidii imebandikwa. Ndani ya sidii mlikuwa na Linux, mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, wa bure, na maandishi yake ya ndani yamewekwa wazi ili yeyote ayasome na kuyabadilisha. Mbithe alipolielewa hilo alihisi kama mtu aliyezoea kukaa varandani, halafu mwenye nyumba akamwambia, ingia, hata jikoni.

Chuoni palikuwa na kompyuta moja ya zamani iliyosukumwa pembeni kwa sababu haikuweza tena kubeba programu za kisasa. Aliiomba. Kila mchana, wenzake walipokwenda kula githeri, alikaa nayo. Ilikataa kadi ya mtandao. Akasoma maelezo, akaishawishi. Ilikataa kioo; akaishawishi tena. Mashine ile ilimfurahisha kwa jambo moja ambalo hakumweleza mtu: ilipokosewa, ilisema kwa maandishi. Haikununa wala haikugeuza uso. Iliandika kosa na mstari lilipo, ikamngojea.

Kisha Patrobas akaenda mjini, akarudi na disketi yenye programu ya ubao wa ujumbe. Mwanafunzi mmoja wa nchi za mbali aliiandika na kuigawa bure. Mtu huandika ujumbe kwenye ukurasa, wengine wote wakauona na kuujibu. Mbithe aliifungua akaisoma ndani kama mtu anayesoma barua ya rafiki. Kama ubao ule ungekaa kwenye kompyuta ya pembeni, na kompyuta za darasa zote, ambazo tayari zilishiriki kebo moja kwa ajili ya printa, zikauona, basi mwanafunzi wa nyuma angeuliza na yeye angejua.

Ijumaa programu ilifanya kazi. Kitu kimoja tu kilimkera, maneno yake yote yalikuwa ya Kiingereza. Kabla ya kufunga ofisi alizipeleka faili kwenye kompyuta yake ya kupigia chapa, akaandika Tuma, akaandika Jibu, akaandika Uliza Usiogope, akazirudisha kwa disketi. Na sasa ukurasa umegoma, na wanafunzi wako njiani.

"Rudisha ile ya Kiingereza," Patrobas alisema, akijipapasa kisogo. "Watasoma hivyohivyo."

"Mzee Zedekiah hatasoma. Triza naye ataona haya kuuliza maana yake."

Alifungua faili ambamo seva, ile programu inayogawa kurasa, huandika malalamiko yake. Malalamiko yalikuwa ya ajabu: hakuna faili kama hiyo. Lakini faili ilikuwa pale, aliiona kwa macho yake mwenyewe, jina halikupungua herufi. Alikagua ruhusa za kuifungua, zilikuwa sawa. Alikagua mstari wa kwanza, ule unaoiambia seva ipite njia gani, ulikuwa sawasawa na wa jana.

Alitaka kupiga meza. Badala yake aliweka sambamba nakala mbili, ya zamani na ya sasa, za faili moja ambayo hakuwa amegusa hata neno, ila aliifungua na kuihifadhi tu kule kwenye kompyuta ya chapa. Ya sasa ilikuwa imenenepa. Faili isiyobadilishwa imenenepaje? Alipiga hesabu ya tofauti, kisha akahesabu mistari, na nywele zikamsisimka shingoni. Ziada ililingana na idadi ya mistari. Kila mstari ulikuwa umebeba mkiani alama moja ambayo jicho haliioni.

Aliiamuru kompyuta imwonyeshe hata visivyoonekana, na hapo akaviona, vidudu vidogo vimejipanga mwishoni mwa kila mstari toka juu hadi chini. Kompyuta ya chapa ilikuwa na desturi yake ya kumaliza mstari, na hii ya pembeni ilikuwa na yake. Seva ilitafuta njia yenye kidudu mkiani, njia ambayo haikuwepo.

"Patrobas! Njoo! Njoo uone!"

Aliandika amri ya mstari mmoja kuvifagia vyote. Akafungua brausa, akaandika lile jina ambalo kompyuta hutumia kujiita yenyewe, akabonyeza.

UBAO WA DARASA. Uliza Usiogope.

Aliruka kutoka kitini. Patrobas naye akaruka, hata hakujua ni kwa nini. Wawili hao walirukaruka juu ya sakafu ya mbao mpaka mwenye duka la mabati akapanda ngazi kuuliza kama kuna nyoka.

Wanafunzi walipoingia, Bwana Mativo aliingia nao, akaketi kwenye kompyuta ya nyuma kabisa na koti lake magotini. Mbithe alisimama mbele. Kwa miaka mingi hakuwa amezungumza mbele ya watu. Aliwahi kuambiwa kwamba sauti yake hupanda na kushuka kama mtu anayetembea kwenye mawe.

"Mimi sisikii," alisema. "Mnajua. Leo mkitaka kuuliza, andikeni hapo. Hamlazimiki kutaja jina."

Aliwaonyesha jinsi ya kupanga hesabu katika jedwali na kuiamuru kompyuta ijumlishe safu nzima. Kisha akaketi, akangoja. Ubao ulikuwa mtupu. Alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe ndani ya programu, wa kuufanya ukurasa ujisome upya bila kubonyezwa. Ulijisoma upya, ukawa mtupu. Ukajisoma tena. Aliinua macho akaona vichwa vimeinama na vidole vimesita, na Bwana Mativo akitazama dirishani.

Ukurasa ukajisoma.

*Mwalimu mimi nimepotea toka mwanzo.*

Mbithe alihisi damu ikimpanda usoni. Aliandika: *Mwanzo upi? Tuanzie hapo.* Kabla hajamaliza ukaingia ujumbe mwingine, na mwingine.

*Hii safu ndio gani, ya kulala ama ya kusimama?*

*Ya kusimama.*

*Mimi ni Zedekiah. Nikijumlisha, kompyuta inaniwekea ua. Namba zote zimekuwa ua.*

Mbithe alilisoma mara mbili, kisha akaelewa, akacheka. Zile alama za msalaba mbilimbili zilizojipanga kama fito za ua! *Namba zako zipo, Mzee. Nyumba ndiyo ndogo. Ivute ile safu iwe pana.*

Aliona mgongo wa Zedekiah, dereva wa lori la kiwanda, ukinyooka, na mikono yake ikiinuka hewani kama mtu aliyefunga bao.

*Hata yangu ilikuwa na ua,* aliandika mwingine. *Niliogopa kusema.*

*Hata mimi. Yule mwalimu wa kwanza aliniambia nikaisome mwenyewe nyumbani. Triza.*

Maswali yalimwagika. Mbithe alijibu vidole vikikimbia, na mara nyingine hakuwahi, kwa kuwa Triza alikuwa ameshamjibu aliyeuliza, na Patrobas amemsahihisha Triza, na Triza amemwambia Patrobas asubiri zamu. Mkutano mzima ulipita mbele ya macho yake na halikumpita neno. Alitaka kusimama akimbie nje, apige kelele barabarani.

Kisha, kwa herufi kubwa tupu, ukaja huu:

*MBITHE HII NI MATIVO. HERUFI KUBWA ZINAONDOLEWA WAPI? NIMEANDIKA HIVI MIAKA MIWILI. USIWAAMBIE WENGINE.*

Mabega ya Triza yakaanza kutikisika, na ya Zedekiah, na ya safu nzima, na Patrobas akakilaza kichwa juu ya kibodi. Bwana Mativo aliangaza macho huku na huku, hajaelewa. Akatazama kioo chake, akaona maneno yake yako mbele ya kila mtu, akajifunika uso kwa koti. Lilipoteremka alikuwa akicheka hadi machozi. Mbithe alikuwa akicheka pia. Siku zote yeye hucheka nyuma ya wenzake, baada ya mtu kumweleza kilichosemwa. Leo alicheka nao, palepale.

*Kitufe cha kushoto, juu ya kile cha herufi kubwa moja,* aliandika. *Kigonge mara moja tu.*

Akangoja. Nyuma kabisa ya chumba Bwana Mativo aliinamia kibodi, akatafuta, akagonga, kisha akaanza kuandika kwa kidole kimoja, polepole, herufi moja baada ya nyingine, midomo ikifuata kidole. Mbithe angeweza kuisoma kutoka pale alipokaa. Aliyaondoa macho yake midomoni mwa mzee, akayarudisha kwenye kioo, aupate ujumbe pamoja na wengine. Ukurasa ulikuwa umeanza kujisoma upya, ukishuka mstari kwa mstari kutoka juu.